Gazeti na Mfuko Wake

Watu wengi hudhani kuwa gazeti huanza kwa kalamu. Kwa hakika huanza kwa fedha, na majina yake yenyewe yatoa ushahidi. Neno hili "gazeti" limetufikia kutoka Ulaya, na wanavyuoni wengi wa lugha husema kuwa asili yake ni sarafu ndogo ya mji wa Venice iliyoitwa gazeta, ambayo mtu wa karne ya 16 aliitoa apate kupewa karatasi ya habari. Nao Waingereza, jarida kama hili letu huliita magazine. Mwanzo wa jina hilo ni mwaka wa 1731, pale Bwana Edward Cave wa London alipoanzisha jarida lake la The Gentleman's Magazine. Alichukua neno lililokuwa na maana ya ghala, kwa kuwa alikusudia kuweka humo kila namna ya maandiko, kama mfanyabiashara awekavyo bidhaa. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, makhazin, na mzizi huo huo ndio uliotupa sisi Waswahili neno "hazina." Basi jina moja ni la sarafu, na la pili ni la ghala. Hakuna lililo la kalamu.

Nimeanza na hayo kwa sababu mimi ndiye mweka hazina wa gazeti hili mnalolisoma. Kamati ilipogawana kazi, mwenzangu mmoja alifanywa mhariri, mwengine akapewa kuchora, nami nikapewa daftari la hesabu. Maalim anayetusimamia aliniambia, "Mwanangu, wenzio watahesabu maneno, wewe utahesabu karatasi. Mwisho wa muhula utalijua gazeti kuliko wao." Insha hii ni habari ya yale niliyoyajua.

Kwanza nitaeleza hesabu yetu, maana wasomaji wengi hulipokea gazeti bila ya kujua limefikaje mkononi mwao. Gazeti letu lilikuwa na kurasa 24. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hivyo nakala moja yataka karatasi sita, na kila karatasi hupigwa chapa pande mbili. Hizo ni pande 12. Duka la fotokopi tunalolitumia mjini hutoza shilingi 100 kwa kila upande, na jalada la rangi ni shilingi 300. Nakala moja basi yatugharimu shilingi 1,500. Sisi twatoa nakala 300, ambazo gharama yake ni shilingi 450,000, na twaziuza shilingi 1,000 kila moja. Hata zikiuzika zote, tutapata shilingi 300,000 tu. Pengo la shilingi 150,000 lilikuwa likizibwa na ofisi ya skuli kila muhula, kimya kimya, na wanafunzi wengi hatukuwa na habari.

Muhula uliopita Mwalimu Mkuu aliita Kamati, akatwambia kwa upole kuwa ofisi haiwezi tena. Pampu ya maji ya dahalia imeharibika, na kati ya maji na gazeti hakuna mwenye akili atakayechagua gazeti. Hatukuwa na la kumjibu. Tulitoka ofisini tukijua kuwa gazeti lazima lijilipie lenyewe au life.

Nikamuuliza Maalim, "Magazeti ya watu wengine hulipiwa na nani?" Akanijibu kuwa tangu dunia ianze kupiga chapa, gazeti lina mifuko minne tu: mfuko wa mnunuzi, mfuko wa mwenye tangazo, mfuko wa jumuiya au chama, na mfuko wa Serikali au mfadhili. Kisha akanipa kazi ya kwenda kutazama magazeti ya kisiwa chetu wenyewe, nione kila moja lilikula katika mfuko gani. Nimesoma vitabu vya historia katika maktaba, nimewauliza wazee, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mtambo wa chapa wa Sultan Barghash ulianza kufanya kazi hapa Unguja karibu na mwaka wa 1880. Ulipiga vitabu vya dini na sheria kwa Kiarabu, navyo vilitoka kwa mali ya Sultan. Lakini kabla yake, Wamisheni wa UMCA waliofika Unguja mwaka wa 1864 walikwisha kuleta mtambo wao, wakawafundisha vijana kupanga herufi za risasi, moja moja, kwa mkono. Vijana hao wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa katika majahazi. Chuo chao kilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji, njia ya kwendea Mbweni. Mwaka wa 1887 Bwana A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi za Kiswahili baadaye, alitoa London kitabu cha habari zilizoandikwa na vijana wa Kiungani wenyewe, jinsi walivyotekwa makwao na kufikishwa pwani.

Mwaka uliofuata, 1888, likatoka hapo Kiungani gazeti liitwalo Msimulizi. Hili ndilo wanahistoria wanalolihesabu kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Nawaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Gazeti la kwanza la lugha yetu, lugha inayosemwa leo toka Lamu hata Kongo, lilikuwa gazeti la skuli! Wanafunzi wenyewe walishiriki katika kuliandika na kulipiga chapa, na humo walipashana habari za wenzao waliokwenda kufundisha bara. Walikuwa vijana wa umri wetu, wanaolala dahalia kama sisi. Mtu akituambia kuwa gazeti la skuli ni mchezo wa watoto, jibu letu ni Msimulizi.

Na fedha? Fedha zilikuwa za Misheni. Karatasi, wino na mtambo vililipiwa na watu wa Uingereza waliochangia kazi ya dini, kwa hivyo gazeti lilisema yanayoipendeza Misheni. Sisemi haya kwa kulaumu. Kila mwenye mfuko ana haja yake, naye si mwizi akitaka haja yake itimie. Nasema ili tuone jinsi mambo yalivyo.

Mwaka wa 1892 likaanza gazeti la Serikali kwa Kiingereza, lenye amri, matangazo na habari za meli. Huo ni mfuko wa Serikali. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bwana Fazal Master akatoa Samachar, gazeti la kila wiki kwa lugha ya Kigujerati, ambalo wasomaji wake walikuwa wenye maduka na biashara wa Mji Mkongwe. Gazeti la namna hii laweza kuishi kwa mifuko miwili pamoja, wa mnunuzi na wa mwenye tangazo, na Samachar liliishi miaka mingi kuliko magazeti mengi yaliyozaliwa nyuma yake.

Hapa yafaa nieleze siri ya biashara ya matangazo, maana mimi ilinishangaza. Mwaka wa 1893 Bwana Frank Munsey wa New York, Marekani, alikuwa na jarida lililouzwa senti 25, nalo likimletea hasara. Akalishusha bei likawa senti 10, chini ya gharama ya kulitoa! Watu walimwona kama mwenda wazimu. Lakini wasomaji wakaongezeka mara nyingi, na wafanyabiashara wakalipa fedha nzuri ili matangazo yao yaonwe na macho yote hayo. Toka hapo biashara ya majarida ikageuka. Mwenye jarida akawa auza mara mbili: auza karatasi kwa msomaji, kisha auza macho ya msomaji kwa mwenye duka. Msomaji hufurahi kwa bei ndogo, na pengine hajui kuwa yeye mwenyewe ni bidhaa.

Turudi kwetu. Mwaka wa 1927 Idara ya Elimu ya Unguja ilianzisha Mazungumzo ya Walimu, ambamo walimu wa skuli zetu waliandika juu ya ufundishaji, lugha na habari za kale za visiwa hivi. Jirani zetu wa bara nao walikuwa na Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Mashairi ya Sheikh Shaaban Robert yalitokea humo. Faida ya magazeti hayo mawili katika Kiswahili haina kipimo. Lakini mfuko ulikuwa wa Serikali ya kikoloni, na kila mwandishi alijua mpaka ambao hapaswi kuuvuka.

Tena mfuko wa namna hii una hatari nyingine. Mwenye nao akiondoka, huondoka na gazeti. Huko Tanga, mwaka wa 1904, skuli ya Serikali ya Wajerumani ilianza kutoa gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi, likapigwa chapa hapo hapo skuli. Wasomaji wake walikuwa wamelizoea nalo likiendelea vizuri. Waingereza walipouchukua mji wa Tanga mwaka wa 1916, wakati wa vita, Kiongozi likafa. Waandishi walikuwapo, na wasomaji walikuwapo. Aliyekosekana ni mlipaji.

Kisha magazeti ya jumuiya. Jumuiya ya Waarabu ilitoa Al-Falaq kuanzia mwaka wa 1929. Mwongozi lilianza mwaka wa 1942, na Afrika Kwetu la Bwana Mtoro Rehani likaanza mwaka wa 1948. Haya hayakuiogopa Serikali kama yale ya kwanza. Mwaka wa 1954 wakuu wa Al-Falaq walishitakiwa na kutiwa hatiani kwa maneno waliyoyaandika dhidi ya Serikali ya Kiingereza. Hapo twaona kuwa mfuko wako mwenyewe hukupa ulimi. Lakini kadiri siasa zilivyopamba moto baada ya uchaguzi wa mwaka wa 1957, kila upande ulikuwa na magazeti yake, na kila gazeti likasema ya upande wake tu. Msomaji wa gazeti hili hakusoma lile, ila kutafuta la kugombana nalo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya watu binafsi yalifungwa, na uwanja ukabaki wa Serikali kwa miaka mingi.

Nilipomaliza kuandika haya katika daftari, nilichora mstari na chini yake nikaandika sentensi moja: "Gazeti hunena kwa kalamu ya mwandishi, lakini hunyamaza kwa mkono wa mlipaji." Sikujua kuwa wiki mbili baadaye sentensi hiyo itatiwa katika mizani, hapa hapa skuli.

Mambo yalikuwa hivi. Tulipokuwa tukitafuta fedha, mzazi mmoja alitupeleka kwa mfanyabiashara anayeuza matofali na vifaa vya kujengea. Bwana huyu alitupokea vizuri mno. Alitukaribisha soda, akauliza hesabu yetu, akasema, "Laki nne na nusu nitazitoa zote mimi. Nipeni jalada la nyuma tu." Tulikaribia kumbusu mkono. Siku ya pili alituma mtu kuomba aone yaliyomo, nasi tukampelekea. Jibu likarudi: fedha zipo tayari, lakini insha moja iondolewe.

Insha hiyo iliandikwa na mwenzetu wa Kidato cha Tatu, juu ya mashimo ya mchanga kijijini kwao. Kila mkaazi wa Unguja anajua kuwa kisiwa hiki kimejaa majengo mapya, kwamba majengo yataka mchanga, na kwamba mchanga wa kuchimba haukui kama muhogo. Mwenzetu alieleza shamba la bibi yake lilivyokuwa, na lilivyo sasa: minazi imesimama juu ya vichuguu, mizizi nje, na mvua ikinyesha shimo hugeuka ziwa ambalo watoto hukatazwa kulisogelea. Hakumtaja mtu, wala hakutukana. Alipima shimo kwa hatua, akaandika idadi ya hatua. Mfanyabiashara alisema, na mimi naamini alisema bila ya chuki, kuwa hawezi kukubali jina lake lilale kitanda kimoja na insha ile.

Kamati ilikaa usiku baada ya masomo ya jioni. Wako waliosema, "Ni insha moja tu, nayo yaweza kungoja muhula ujao. Tukikataa, gazeti zima litakufa, na hiyo insha itakufa pamoja nalo." Maneno haya yalikuwa na uzito, wala sitaki wasomaji wawadharau waliosema hivyo. Wengine walisema kuwa mwandishi ameandika kweli, na kweli haiazimwi. Mhariri aligeuka akaniuliza, "Mweka hazina wasemaje? Mkono mtupu haulambwi."

Nikawasomea niliyoyaandika, toka Kiungani mpaka Tanga. Nikasema hivi: huyu bwana si mbaya kuliko Misheni, wala Serikali, wala vyama. Yeye afanya kama afanyavyo kila mwenye mfuko mmoja unaobeba gazeti zima. Ubaya si tangazo lake, ubaya ni kuwa peke yake. Mlipaji mmoja akilipa yote, siku moja ataomba kitu, na siku hiyo hatutakuwa na pa kwenda. Walipaji wakiwa 300, hapana hata mmoja awezaye kutufunga mdomo kwa shilingi 1,000 yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Maneno bila ya hesabu hayalipi duka la fotokopi, kwa hivyo nikawaonyesha na hesabu. Tukipunguza kurasa ziwe 16, nakala yataka karatasi nne, nazo ni pande nane, shilingi 800. Jalada likiwa la karatasi ya manjano badala ya rangi, ni shilingi 200. Jumla ni shilingi 1,000, sawasawa na bei tunayouzia. Lakini kurasa nane lazima zitoke. Tukazipitia moja moja. Zilitoka picha za michezo, vitendawili, nusu ya salamu za viongozi wa wanafunzi, na utenzi wangu wa beti 40 ambao niliufanyia kazi likizo nzima. Niliufuta kwa kalamu nyekundu mimi mwenyewe, maana ulikuwa ndio mrefu kuliko vyote. Insha ya mchanga ikabaki, ukurasa wa tano. Tulimwandikia yule bwana barua ya shukrani na ya kukataa, na Maalim akaitia sahihi.

Mnunuzi ana haki ya kujua fedha yake ilivyotumika, basi hii hapa. Nakala 300 zilitugharimu shilingi 300,000. Nakala 14 tulizitoa kwa maktaba na skuli za jirani. Nakala 286 ziliuzwa, nyingi katika Siku ya Wazazi, zikaleta shilingi 286,000. Kinyozi wa hapa karibu na lango alitoa tangazo la shilingi 15,000, na fundi wa nguo za skuli akatoa la shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 311,000. Baada ya gharama tulibakiwa na shilingi 11,000, nazo zimo katika bahasha kabatini kwa Maalim. Ni fedha kidogo, lakini ndiyo akiba ya kwanza ya gazeti hili tangu lianze.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika daftari langu. Mzazi mmoja ambaye kazi yake ni kuendesha lori la mchanga aliinunua nakala, akaisoma insha ile, akaleta barua. Hakukubaliana nayo yote. Aeleza jinsi kazi hiyo inavyolisha watoto sita, na auliza nyumba za watu zitajengwa kwa nini kama mchanga haukuchimbwa. Ni barua ya adabu na yenye hoja. Mtaikuta katika toleo hili, na mwenzetu wa Kidato cha Tatu amejibu chini yake. Wawili hawa hawajapata kuonana. Lau tungalizichukua laki nne na nusu, kusingekuwa na insha, wala barua, wala jibu, na jalada letu lingaling'aa kwa rangi.

Sasa nina ombi, kwa kuwa mwakani sitakuwapo na daftari litakuwa mikononi mwa mwengine. Tumefungua Daftari la Wanunuzi. Gazeti letu hutoka mara mbili kwa mwaka, kwa hivyo anayetoa shilingi 2,000 mwanzoni mwa mwaka ataandikwa jina na kuwekewa nakala zake mbili. Faida ya kulipa kabla ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana Kamati itajua mapema ina fedha ngapi na kurasa ngapi, wala haitatoka kwenda kuomba ikiwa imeinamisha kichwa. Wazazi, walimu, na khasa nyinyi mliokwisha kuhitimu hapa, haba na haba hujaza kibaba. Wenye maduka nao twawakaribisha, kila mmoja kwa tangazo dogo lisilozidi robo ya ukurasa.

Mpaka leo ninapoandika, majina yaliyomo katika daftari ni 94. Tukifika 200, kurasa nane zilizopotea zitarudi, na picha za michezo zitarudi nazo. Utenzi wangu usirudi. Nafasi yake apewe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza mwenye kitu cha kusema juu ya kijiji chao.

Mweka Hazina wa Gazeti,
Kidato cha Nne